Mtoto ni wa Nani? Hadhana kutoka Madina mpaka Mahakama Zetu



Mwezi wa Ramadhan ukifika katikati kila nyumba huanza hesabu za Idi. Nguo za watoto zishonwe wapi, nani ataenda kwa nani, nani atakula wapi. Lakini kuna nyumba ambazo hesabu hiyo ni chungu. Baba na mama wameachana, na mtoto anavutwa huku na kule. Huyu asema Idi mtoto atakuwa kwangu, yule asema hatoki hapa. Wengine hufika kwa kadhi, wengine huenda kotini, na wengine humpeleka mtoto kwa nyanya yake mji wa mbali wakamficha huko mpaka mambo yapoe.

Na kila mmoja ana dalili yake mdomoni. Mama asema: mtoto wa chini ya miaka saba ni wangu, sheria imesema. Baba asema: ukiolewa tu, mtoto ni wangu, sheria imesema. Ukweli ni kwamba yote mawili yamo vitabuni. Tatizo ni kuwa wote wawili wanauliza mtoto ni wa nani, na hali waliohukumu kesi hizi mwanzo wa Uislamu walikuwa wakiuliza jambo jengine: mtoto huyu atalelewa vizuri wapi? Hebu tufuate safari ya swali hilo tangu Madina mpaka hapa kwetu Kenya, kwa sababu vijana wengi wanaingia kwenye ndoa, na wengine wanatoka, bila kuijua.

Neno lenyewe

Wanavyuoni huita malezi haya hadhana. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya ubavu na kifua, pale mahali mama anapomweka mtoto akimbeba. Sisi tungesema kupakata. Kwa hivyo hata kabla hujafungua kitabu cha fiqhi, neno limeshakupa picha: mtu mzima amemkumbatia mtoto asiyeweza kujifanyia kitu. Hadhana si sawa na usimamizi wa mali ya mtoto wala uwalii wa ndoa, mambo ambayo kwa kawaida hubaki kwa baba hata kama mtoto analala kwa mama. Watu wengi huchanganya mambo haya, na ugomvi mwingi huanzia hapo.

Qur'ani yenyewe, katika Suratul Baqara aya ya 233, inazungumzia mtoto anayenyonya ambaye wazazi wake wameachana. Inataja miaka miwili kamili ya kunyonyesha kwa anayetaka kutimiza, inamwekea baba jukumu la chakula na mavazi ya mama huyo, na inakataza mama asidhuriwe kwa sababu ya mtoto wake wala baba asidhuriwe kwa sababu ya mtoto wake. Kisha yasema wakitaka kumwachisha ziwa kabla ya muda, basi iwe kwa kuridhiana na kushauriana. Fikiria hapo kidogo. Watu wameshaachana, pengine hawasalimiani, na bado wanaamrishwa kushauriana juu ya maziwa ya mtoto.

Kesi tatu za Madina

Kesi ya kwanza imepokewa na Abdullah bin Amr, imo katika Sunan ya Abu Dawud. Mwanamke alikuja kwa Mtume (s.a.w.) akalalamika kwamba mumewe amemwacha na sasa anataka kumnyang'anya mtoto. Hakuja na mashahidi wala ukoo. Alieleza mwili wake: tumbo lililombeba mtoto, matiti yaliyomnywesha, mapaja yaliyokuwa kitanda chake. Mtume (s.a.w.) alimjibu kuwa yeye ndiye mwenye haki zaidi maadamu hajaolewa. Hapa ndipo ilipotoka ile kauli ya baba zetu kuhusu mama akiolewa. Tutairudia, maana ina mambo.

Ya pili ni ya mtoto wa Hamza bin Abdul Muttalib. Hamza aliuawa Uhud mwaka wa 3 Hijria, yaani 625. Miaka minne baadaye Mtume (s.a.w.) alipokuwa anatoka Makka baada ya Umra, binti wa Hamza alimfuata mbio akimwita ami yake. Wakagombea watu watatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa mtu mdogo. Ali alisema ni binti wa ami yangu na mimi ndiye niliyemchukua. Zayd bin Haritha alisema ni binti wa ndugu yangu, kwa sababu Mtume alikuwa amemuunga udugu na Hamza. Ja'far bin Abi Talib naye akasema ni binti wa ami yangu, na mama yake mdogo ndiye mke wangu. Mtume (s.a.w.) akampa Ja'far, kwa ajili ya yule mke, Asma binti Umays, akisema kuwa khaloo anashika nafasi ya mama. Imo katika Sahihi Bukhari. Tazama jambo hili: Asma alikuwa mke wa mtu, na mume huyo hakuwa baba wa mtoto. Ndoa yake haikumzuia kupewa mtoto. Wanavyuoni wamelijadili sana hili, na wengine wakasema mume wa mama au wa khaloo akiwa ni jamaa wa mtoto na akamridhia, basi ndoa si kizuizi.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu ya mtu aliyeshindwa. Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.) alikuwa na mke wa Kiansari, akazaa naye mtoto jina lake Asim, kisha wakaachana. Siku moja Umar alikwenda Quba akamwona Asim anacheza uwanjani mwa msikiti. Akamshika mkono, akampakia mbele yake juu ya mnyama. Nyanya wa mtoto, mzaa mama, akamwona. Akamkimbilia akamshika mtoto. Umar, ambaye watu wazima walimwogopa, akavutana na kikongwe barabarani, mpaka wakafika mbele ya Abu Bakr (r.a.) aliyekuwa khalifa. Huyu asema mwanangu, yule asema mwanangu. Abu Bakr akamwambia Umar amwachie nyanya mtoto wake. Imam Malik, aliyeisimulia kesi hii katika Muwatta, anaongeza kuwa Umar hakujibu neno. Riwaya nyengine zinaeleza sababu aliyoitoa Abu Bakr: harufu ya mama, kitanda chake na joto lake ni bora kwa mtoto mpaka atakapokua akajichagulia mwenyewe.

Kwa faida tu: huyo Asim alikua, akazaa binti, na binti huyo ndiye aliyemzaa Umar bin Abdulaziz, khalifa mwadilifu ambaye kila khatibu humtaja.

Miaka saba ilitoka wapi?

Katika kesi zote tatu hakuna umri uliotajwa. Miaka saba na tisa tunayoisikia ni kazi ya wanavyuoni waliokuja baadaye wakajaribu kuweka kipimo ambacho kadhi wa kawaida, asiyekuwa Abu Bakr, angeweza kukitumia. Ndiyo maana walitofautiana. Mahanafi walisema mvulana abaki kwa mama mpaka kama miaka saba na msichana mpaka kama tisa. Maliki waliona mvulana mpaka abaleghe, na msichana mpaka aolewe aingie kwa mumewe. Mahanbali walimpa mvulana wa miaka saba kuchagua, na msichana wakampeleka kwa baba. Mashia Ithnaasharia, ambao wapo pia Mombasa na Nairobi, wao husema miaka miwili kwa mvulana na saba kwa msichana.

Sisi wengi wa Pwani, na ndugu zetu Wasomali, ni Mashafi. Kitabu ambacho makadhi wetu wamekitegemea kwa karne nyingi ni Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277. Kwa Mashafi kipimo ni tamyizi, yaani mtoto ajue kula mwenyewe, kunywa mwenyewe na kujisafisha mwenyewe, jambo ambalo kwa kawaida hufika kama miaka saba. Kisha mtoto huulizwa, awe mvulana au msichana. Msingi wao ni hadithi ya Abu Hurayra: mwanamke alilalamika kuwa mumewe anataka kumchukua kijana wake, na kijana huyo ndiye anayemtekea maji kisimani. Mtume (s.a.w.) akamwambia mtoto, huyu baba yako na huyu mama yako, mshike mkono unayemtaka. Akaushika wa mama, wakaenda zao.

Mambo madogo madogo yaliyomo katika Minhaj yanapendeza kuliko zile namba. Mvulana akichagua mama, atalala kwa mama na mchana atakuwa na baba ili amfunze adabu na ampeleke chuoni au kwenye kazi. Akichagua baba, baba hana ruhusa ya kumzuia kumzuru mama yake. Mtoto akiugua, mama ndiye mwenye haki zaidi ya kumuuguza. Na mtoto akichagua mmoja leo, kisha kesho akamtaka mwengine, atahamishwa. Hebu niambie, yule baba anayesema eti sheria imempa yeye na mama asikanyage tena, ameisoma wapi?

Lakini uchaguzi wa mtoto nao una hatari yake, na wazee walilijua hilo. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, amesimulia kutoka kwa mwalimu wake Ibn Taymiyya kisa cha wazazi waliogombea mtoto mbele ya kadhi. Kadhi akamwachia mtoto achague, akachagua baba. Mama akaomba: muulize kwa nini. Mtoto akasema ukweli wake: mama kila siku ananipeleka kwa mwalimu, na mwalimu ananipiga, lakini baba ananiacha nicheze na wenzangu. Kadhi akampa mama. Ukilibadilisha hilo la mwalimu ukaweka simu na michezo ya kompyuta, utaona kesi hiyo ingeweza kuwa ya wiki iliyopita.

Hapo ndipo unapoona kwamba umri na uchaguzi vilikuwa vyombo tu vya kufikia kheri ya mtoto. Ndiyo maana nchi za Kiislamu zimeubadilisha umri huo mara kwa mara bila kuona kuwa zimetoka katika dini. Misri mwaka 1929 ilimruhusu kadhi kumrefushia mama muda kutoka miaka 7 hadi 9 kwa mvulana na kutoka 9 hadi 11 kwa msichana, ikiwa maslahi ya mtoto yanataka hivyo. Mwaka 1985 wakaweka miaka 10 na 12, na mwaka 2005 wakaweka 15 kwa wote. Morocco, katika sheria yao ya familia ya mwaka 2004, hadhana inaendelea mpaka mtoto awe mtu mzima wa miaka 18, na akifika 15 anaweza kuchagua.

Waingereza nao

Tumezoea kuambiwa kuwa kuangalia maslahi ya mtoto ni fikra ya kisasa iliyoletwa na Wazungu. Basi tutazame Uingereza yenyewe. Mwaka 1804 mama mmoja alikwenda mahakamani London kwa sababu mumewe alimnyang'anya mtoto wa miezi minane aliyekuwa bado ananyonya. Mahakama ikasema baba ndiye mwenye haki ya mtoto, na mama akarudi mikono mitupu. Hiyo ilikuwa sheria ya Uingereza zaidi ya miaka 1,100 baada ya nyanya wa Quba kumshinda Sayyidna Umar.

Mambo yalianza kubadilika kwa sababu ya mwanamke mmoja mwandishi, Caroline Norton. Mumewe alimchukulia wanawe watatu mwaka 1836. Akaandika vijitabu, akawasumbua wabunge, na mwaka 1839 ikapita sheria ya kumruhusu mama kuomba mahakamani apewe mtoto wa chini ya miaka saba. Miaka saba tena! Lakini iwapo mama amepatikana na hatia ya zinaa, mlango ulifungwa. Norton mwenyewe haikumsaidia sana. Mwanawe mdogo alifariki mwaka 1842 akiwa kwa baba. Sheria ya 1886 ikaitaka mahakama iangalie hali ya mtoto, tabia za wazazi na matakwa yao wote wawili, na mwaka 1925 ndipo Bunge lao lilipotamka wazi kuwa maslahi ya mtoto ndiyo jambo la kwanza na lililo juu ya yote.

Sisemi haya kwa kujigamba. Sisi wenyewe tulikuwa na hukumu nzuri na mara nyingi tukazikalia. Lakini kijana Mwislamu anapaswa kujua kwamba maneno haya anapoyasikia kwa hakimu, hasikii lugha ya kigeni.

Yalivyofika kwetu

Ukanda wa Pwani ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake Afrika Mashariki, na ukanda ule wa maili kumi ukatawaliwa na Waingereza kwa makubaliano na Sultani. Mwaka 1897 mahakama za liwali, kadhi na mudiri ziliwekwa katika mfumo wa serikali, na mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu yakabaki kwa makadhi. Waliokalia kiti cha Kadhi Mkuu walikuwa watu wa elimu kubwa. Mmoja wao ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, ambaye kabla ya hapo alianzisha gazeti la Al-Islah Mombasa mwaka 1932, babu wa majarida kama haya tunayoyasoma.

Uhuru ulipokaribia, mwezi Oktoba 1963 Kenya na Zanzibar zilikubaliana kwamba mahakama za kadhi zitahifadhiwa, na zikaingizwa katika katiba. Mwaka 1967 Bunge likapitisha Sheria ya Mahakama za Kadhi. Hapo likaandikwa kwamba kadhi ana mamlaka juu ya hali ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wote wanaohusika ni Waislamu. Soma tena orodha hiyo. Neno hadhana halimo. Kwa miaka mingi hakuna aliyejali, kwa sababu kila mtu alichukulia kuwa malezi ya mtoto ni mkia wa talaka, na kadhi anayekata talaka atamaliza na mtoto.

Pembeni yake kulikuwa na sheria nyengine, ya mwaka 1959, juu ya uangalizi wa watoto, iliyochota kutoka ile ya Waingereza ya 1925. Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa zikaitumia katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 kujenga kanuni moja: mtoto mdogo abaki kwa mama, isipokuwa kuna sababu isiyo ya kawaida. Mababa wa makabila mbalimbali walikuja na mila zao, kwamba mahari imelipwa na mtoto ni wa ukoo, na majaji wakawaambia mila itasikilizwa lakini maslahi ya mtoto yako juu yake.

Kisha mwaka 1990 Kenya iliidhinisha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto, na mwaka 2001 Bunge likapitisha Sheria ya Watoto iliyoanza kazi Machi 2002. Sheria hiyo ilianzisha mahakama za watoto na ikamwekea hakimu mambo ya kupima kabla ya kutoa amri: mwenendo na matakwa ya wazazi, matakwa ya jamaa, matakwa ya mtoto mwenyewe, kama mtoto ameumizwa au anaweza kuumizwa, mila za jamii yake, dini yake, na hali ya ndugu zake ili wasitenganishwe ovyo. Mtoto mdogo, kwa sheria ile, alikuwa wa chini ya miaka kumi. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, ikaweka maslahi ya mtoto juu ya kila jambo linalomhusu, na ikasema baba na mama wana jukumu sawa, wawe wameoana au la. Sheria mpya ya Watoto ya mwaka 2022 ilichukua mahali pa ile ya 2001 ikiwa na orodha ndefu zaidi ya mambo ya kupima.

Kwa vitendo, hakimu hafanyi uganga. Humtuma afisa wa watoto aende nyumbani, aone mtoto analala wapi, na nani, shule iko umbali gani, nani anampikia, nani alimpeleka hospitali mara ya mwisho. Wakati mwengine humwita mtoto ofisini kwake, wazazi wakiwa nje. Karo na matumizi huandikwa katika amri. Na hapa niseme jambo ambalo vijana wa kiume hatulipendi: mtoto kulala kwa mama hakumwondolei baba matumizi, si kwa sheria ya nchi wala kwa fiqhi. Wanavyuoni wamefika hata kusema kuwa mama anaweza kudai ujira wa hadhana. Baba anayekata matumizi ili mama achoke amrudishe mtoto anamnyima chakula yule yule anayesema anampenda.

Mama akiolewa

Turudi kwa ile hadithi. Wengi hufikiri suala la mama kuolewa ni la Waislamu tu, na mawakili wengine huliita dhulma kwa wanawake. Lakini mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ya Kenya, ikieleza sababu zinazoweza kumfanya mama asipewe mtoto mdogo, ilitaja mama asiyetulia, mama aliyepata mume mpya, mama anayeishi mahali pabovu, na mama mwenye mwenendo wa aibu. Mume mpya yumo. Majaji hao hawakusoma Abu Dawud. Waliona tu kile ambacho kila mtu wa mtaani anakijua, kwamba nyumba ya baba wa kambo inaweza kuwa salama na inaweza isiwe.

Tofauti ni namna ya kulitumia. Baba anayengoja aliyekuwa mkewe aolewe ndipo akumbuke kuwa ana mtoto, kisha amchukue akamtupe kwa mke wa pili asiyemtaka, amelishika tamko la hadithi na kuitupa sababu yake. Ibn al-Qayyim huyo huyo aliwakemea makadhi wanaomtoa mtoto kwa mzazi anayemtunza na kumpa anayempuuza kwa sababu tu ya utaratibu wa vitabu. Na katika fiqhi yetu, mama akiolewa haki haiendi kwa baba moja kwa moja. Kwa Mashafi huhamia kwanza kwa mamake mama. Ni wangapi wanaolijua hili?

Liko pia suala la safari, na hili ni la zama zetu hasa. Vijana wetu, wa kike na wa kiume, wanakwenda Saudia, Dubai na Qatar kutafuta riziki, na watoto wanabaki. Minhaj inatofautisha safari ya haja na ya kuhama. Anayesafiri kwa haja, mtoto hubaki na mzazi aliyeko mjini mpaka yule mwengine arudi. Akihama kabisa, baba hupewa nafasi zaidi kwa sharti njia na huko aendako kuwe na usalama. Mkataba wa kazi wa miaka miwili Riyadh ni haja au ni kuhama? Hapo kadhi hana jibu la kusoma kitabuni. Inabidi amtazame mtoto.

Kadhi au hakimu?

Hili halijatulia. Baada ya 2001, mawakili walianza kusema kwamba kadhi hana mamlaka ya kutoa amri ya hadhana wala ya matumizi ya mtoto, kwa kuwa sheria imeanzisha mahakama maalum ya watoto na orodha ya kadhi haina neno hilo. Majaji wa Mahakama Kuu wametofautiana: wengine wamefuta hukumu za makadhi kwa sababu hiyo, wengine wamesema malezi ni tawi la talaka na kadhi hawezi kukata shina akaacha tawi linaning'inia. Katiba ya 2010 nayo iliongeza sharti kwamba wanaohusika wawe wote Waislamu na wote wakubali mamlaka ya kadhi. Kwa hivyo mmoja akikataa, au mmoja akiwa si Mwislamu, kesi inakwenda kwengine.

Hasara yake anaipata mtoto. Wazazi hupigania mlango miezi na miezi, huyu amefungua kwa kadhi kwa kuwa anadhani atapendelewa, yule amekimbilia mahakama ya watoto kwa sababu hiyo hiyo, na mtoto yuko kwa yule aliyetangulia kumchukua. Asiyeridhika na hukumu ya kadhi hukata rufaa Mahakama Kuu, ambako sheria ya mwenendo wa madai inataka jaji aketi na Kadhi Mkuu au makadhi wawili kama washauri. Na kote huko, kwa kadhi, kwa hakimu wa watoto na kwa jaji, kifungu cha 53 kinawafunga wote sawasawa. Kadhi anayeandika hukumu yake kwa dalili za fiqhi, akaonyesha wazi mtoto analala wapi, anasoma wapi, nani anamlisha na kwa nini nyumba hii ni bora kuliko ile, hukumu yake ni ngumu kuivunja. Anayeandika mstari mmoja kwamba mama ameolewa basi mtoto apewe baba, amempa wakili wa upande wa pili kazi nyepesi.